Guta Langu na Mteremko wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 2024

Breki za nyuma za guta langu, lile la injini la kubebea mizigo, zimekufa. Wiki nzima zilikuwa zinapiga kelele, leo asubuhi zikanyamaza. Nikadhani zimepona!

Nilikuwa nashuka mteremko wa Busunzu na magunia sita ya maharage. Katikati ya mteremko, mkono wa kushoto, ni kwa baba mkwe wangu, Mzee Stanislaus. Kila asubuhi anakaa pale nje na wazee wenzake wawili, wanatazama barabara. Mkwe hapiti pale hivi hivi. Unasimamisha guta, unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za wote waliolala ndani, na za mbuzi pia. Ndivyo tunavyosalimiana sisi Waha. Sijawahi kukwepa hata siku moja.

Leo nikakanyaga breki. Mguu ukaenda mpaka chini kama nimekanyaga uji. Mzee akainua mkono. Mimi nikapaza sauti: Mwakeye, baba! "Mwakeye" aliisikia yeye. "Baba" aliisikia Mwalimu Moses, kule chini kabisa, ambaye ndiye mwenye rundo la mchanga lililonisimamisha.

Mwalimu Moses anajenga nyumba. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nilitaka kuona mchanga wake ni wa namna gani. Akasema ni mzuri. Nikasema ndiyo, naona.

Hakuna mtu atakayejua habari hii. Hakuna! Sababu ni moja, inaitwa Bi Mwanaamina. Ana ghala la maharage pale mjini Kibondo, na Jumamosi atachagua guta moja la kumbebea mzigo msimu mzima. Tuliobaki ni wawili: mimi na Pasikali. Mwaka jana mbebaji wake alimwaga maharage mtaroni kwa sababu ya breki, na Bi Mwanaamina akayaokota siku mbili. Kwa hiyo sharti lake la kwanza: guta lisimame likiambiwa simama.

Pasikali analiosha guta lake kwa sabuni ya unga. Ameweka na mto wa kukalia. Mtu mzima kabisa!


Jumanne, 4 Juni 2024

Balaa. Mke wangu Winifrida ameletewa ujumbe na baba yake. Mzee anauliza amenikosea nini mpaka nimpite kama mti. Wale wazee wenzake wamekwisha kusema kwamba Kipriani, yaani mimi, siku hizi ana guta, kwa hiyo salamu anazirusha kama mtu anayewatupia kuku mahindi.

Ningeweza kusema ukweli. Neno moja tu: breki. Lakini mmoja wa wale wazee ni mjomba wake Pasikali. Nikisema breki asubuhi, mchana Bi Mwanaamina anajua. Nimepima. Bora niitwe mwenye majivuno kuliko kuitwa mtu asiye na breki.

Winifrida akasimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi, akataka nimweleze. Nikamwambia nilikuwa na mawazo mazito. Akaniuliza, tangu lini.

Fundi mzuri kuliko wote hapa ni Nduwayezu. Tatizo, gereji yake inatazamana na ghala la Bi Mwanaamina. Nikipeleka guta pale ni sawa na kwenda kutangaza msikitini na kanisani kwa pamoja. Nitabadilisha breki shuu, vile vipande vinavyobana gurudumu kwa ndani, mwenyewe. Nimetafuta video kwenye simu. Lugha siifahamu, na fundi mwenyewe kichwa hakionekani, mikono tu, lakini mikono inaeleweka. Anafungua gurudumu, anafungua hab, kile kitovu cha gurudumu, anatoa breki shuu mbili zilizokaa kama mwezi uliokatwa nusu, anaweka mpya, anapiga makofi. Dakika nane!


Jumatano, 5 Juni 2024

Nimekwenda Kasulu kununua. Hapa Kibondo spea anauza Salumu, na kwa Salumu ukinunua nati moja asubuhi, mchana unaulizwa barabarani ile nati imefaa. Winifrida nimemwambia naenda kuangalia mbegu za maharage. Akasema mbegu zipo ndani, magunia mawili. Nikamwambia za Kasulu ni tofauti.

Dukani Kasulu nilimkuta mama mmoja anaitwa Firdausi, miwani puani. Aliuliza breki shuu ya guta gani, hab kubwa au ndogo. Nikamwambia ya kawaida. Akasema nimpe ya zamani alinganishe. Sikuwa nayo, maana bado sijafungua. Nikamwonyesha kwa shubiri: hivi. Akaitazama shubiri yangu muda mrefu. Akasema wateja wa shubiri anawapenda, maana huwa wanarudi.

Dharau hiyo nikaimeza. Akauliza nataka pea ngapi. Kwenye video ilikuwa pea moja. Nikasema moja, kwa sauti ya mtu anayejua. Aliniangalia tena, akanifungia.

Nageuka, nani yuko mlangoni? Pasikali! Kilomita zote hizi kutoka Kibondo! Kila mmoja akamuuliza mwenzake anafanya nini Kasulu. Mimi nikasema mbegu. Yeye akasema shangazi yake.

Tumerudi basi moja, kiti kimoja. Mimi na furushi langu mapajani, yeye na lake, limefungwa gazeti. Nikamuuliza amebeba nini. Dagaa, za shangazi. Basi likipita kwenye tuta, dagaa zake zinagongana kling! kling! Mbegu zangu nazo zikawa zinajibu kling! Tukaacha kuulizana. Tukazungumza habari za mvua mpaka Kibondo.

Nimefikiri sana. Bila shaka amenunua kengele ya kumvutia Bi Mwanaamina. Mtu mwenye mto anashindwaje kuwa na kengele?


Alhamisi, 6 Juni 2024

Kazi imeanza saa mbili asubuhi nyuma ya nyumba. Jeki sina. Nimeinua guta kwa kinu cha Winifrida. Kinu cha mti wa mninga, kimetulia, kinashika kuliko jeki. Saa nne Winifrida akataka kinu atwange kisamvu. Nikamwambia kina kazi. Akatazama guta, akatazama kinu, akaingia ndani. Maana ya kutazama huko ningeijua mapema ningekimbia.

Nati ya gurudumu la kushoto imekataa mpaka nimeipiga kwa nyundo na kuibembeleza kwa mafuta ya mawese. Hab ikatoka. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi la kutosha kupaka mlango. Breki shuu zimeisha kabisa, chuma kinang'aa.

Nikaweka mpya. Haziingii! Shubiri imenidanganya, zimezidi unene. Nikazisugua kwenye jiwe ambalo Winifrida ananolea jembe, mpaka saa nane. Zikaingia. Nikafunga kila kitu. Zikabaki springi mbili na kitu kidogo kama sikio. Kwenye video hakikubaki kitu. Nimevihifadhi kwenye kopo. Kiwanda huwa kinaweka vya ziada.

Nikapiga makofi kama mtu wa kwenye video. Kisha, nikiwa nimesimama na kujivuna, nikaona gurudumu la kulia.

Guta lina magurudumu mawili nyuma. Mawili! Nimelikalia guta hili miaka mitatu. Ile video ilikuwa ya pikipiki.

Chakula cha leo: ugali na chumvi. Kisamvu kingetwangwa wapi, aliuliza Winifrida, kwenye kofia yangu?


Ijumaa, 7 Juni 2024

Nimejaribu uani. Breki inashika! Inashika upande wa kushoto tu. Nikikanyaga, guta linasimama na kugeukia kushoto kwa wakati mmoja, kama ng'ombe aliyeona chumvi. Mara ya kwanza nimeingia kwenye mboga za shangazi yangu Esteri, anayekaa jirani. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nililenga kwingine, nikaingia kwenye mboga.

Lakini nimekaa nikawaza. Tanzania tunaendesha kushoto. Mtu akitaka kusimama, anasimama kushoto. Ghala la Bi Mwanaamina, ukishuka, liko kushoto! Kwa hiyo breki yangu imekaa kisheria kabisa. Kulia nitasimama kufanya nini?

Jioni nimepanda kwenda kumwomba radhi baba mkwe, na mtungi wa pombe ya ndizi. Kupanda hakuna shida, ukiachia mafuta guta linasimama lenyewe. Nikachuchumaa, nikapiga makofi, nikamaliza salamu zote mpaka za mbuzi. Mzee akaniuliza kwa upole kwa nini nilimpita.

Upole ule uliniumiza kuliko kama angefoka. Nilitaka kusema. Mdomo ulishafunguka. Nikamwona mjomba wa Pasikali anasogeza kiti chake karibu.

Nikasema nilikuwa nawahi mgonjwa. Nani mgonjwa? Nikasema wa kwanza aliyenijia kichwani: shangazi Esteri. Anaumwa nini? Kifua. Mzee akasikitika sana. Akasema kumbe mimi ni mtu mwema na yeye amenisema vibaya mbele za watu. Kwa hiyo kesho atashuka kumwona mgonjwa, na kuku mkononi. Nimpitie asubuhi kwa guta langu.

Kesho! Siku ya Bi Mwanaamina! Kushuka!


Jumamosi, 8 Juni 2024

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja, ule mwingine hauwezi kukalika.

Mpango ulikuwa mzuri. Gia namba moja toka juu mpaka chini, polepole. Baba mkwe nilimkalisha nyuma kwenye gunia la pumba, kuku kampakata. Tukaanza. Mzee akasema hata kuku huyu angetembea angetupita. Nikamwambia usalama kwanza.

Shida ikawa salamu. Mzee wa watu hawezi kupita mtu. Tulipofika kwa Ininahazwe, jirani yake wa tangu ujana, akanigonga begani nisimame. Nikasema tutamsalimia tukirudi. Akanigonga tena, kwa nguvu. Nikakanyaga. Guta likageuka kushoto, likapanda juu ya mikeka ya Ininahazwe ambapo muhogo wake unakauka. Makopa yakavunjika krr, krr, mkeka mzima. Ininahazwe akatoka, akatazama muhogo wake, akamtazama mzee. Wakasalimiana kwa robo saa kama kawaida. Kisha akauliza kwa nini tumeegesha kwenye chakula chake.

Tukaondoka. Hapo ndipo nikasikia honi nyuma. Pasikali! Na mto wake! Anashuka kwa kasi, anakwenda kwa Bi Mwanaamina kabla yangu!

Mtu mwenye akili angebaki gia namba moja. Nikaweka mbili. Nikaweka tatu.

Guta likaanza kushuka lenyewe. Nilijiambia mchanga wa Mwalimu Moses upo, utatupokea. Tukafika. Hakuna mchanga! Amepiga plasta! Amesimama mlangoni na mwiko wa kupigia plasta, anatupungia!

Nyuma yangu mzee akanishika shati. Kuku naye akajificha kwapani mwake. Nikaogopa. Si kwa ajili ya maharage wala msimu, niliogopa kwa ajili ya yule mzee mwenye miaka sabini na kitu aliyeniamini akapanda. Nikapiga kelele: Baba, sina breki! Tangu Jumatatu sina breki!

Akajibu, kwa sauti ile ile ya salamu, kwamba ningemwambia Jumatatu.

Ghala likatokea. Bi Mwanaamina yuko nje na kanga yake nyekundu, saa mkononi. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili. Breki ya kushoto ikashika kama haijawahi kushika. Guta likageuka, likapanda baraza, likazama kwenye rundo la maharage yaliyokuwa yanachambuliwa. Wachambuaji walikuwa wameenda kunywa chai, Mungu ni mwema. Mimi nikatua kwa upande niliousema hapo juu. Mzee akajikuta amekaa kwenye maharage mpaka kiunoni, kofia kichwani, mzima. Kuku akaruka juu ya mizani. Kilo mbili kasoro.

Kabla mtu hajasema lolote, honi tena. Pasikali akapita. Mkono juu, macho yamemtoka, anasema Mwakeye wazee, Mwakeye mama, mguu wake umekanyaga mpaka chini kabisa. Naufahamu mguu ule! Akapita ghala, akapita gereji ya Nduwayezu, akaenda kusimama kwenye kabichi za sokoni. Furushi la gazeti lilikuwa bado limefungwa pembeni ya mto. Dagaa za shangazi! Kumbe zilikuwa breki shuu, na yeye aliogopa hata kufungua gurudumu.

Bi Mwanaamina alicheka mpaka akakaa chini. Sijawahi kumwona mtu mwenye ghala akicheka juu ya maharage yake mwenyewe namna ile.

Halafu akatoka mle ghalani, na gunia kichwani, mzima kama chuma, shangazi Esteri. Nilisahau kwamba Jumamosi anachukua kibarua pale. Mzee Stanislaus akamtazama. Akanitazama. Akajikung'uta maharage, akamchukua kuku kwenye mizani, akampa shangazi kwa mikono miwili, akampa pole ya kifua. Shangazi Esteri hakuuliza. Akapokea kuku. Akaanza kukohoa.


Jumatatu, 10 Juni 2024

Winifrida ndiye aliyekwenda kuzungumza na Bi Mwanaamina. Walikaa ndani muda mrefu, nikasikia vicheko. Uamuzi: guta letu limepata kazi ya msimu. Kwa sharti kwamba mwenye kusema guta liende lini kwa fundi ni Winifrida. Mimi ni dereva. Pasikali atabeba kabichi, maana mwenye kabichi anamdai kabichi.

Tumelisukuma guta mpaka kwa Nduwayezu mchana kweupe, Kibondo yote inatazama. Akafungua magurudumu yote mawili. Akauliza nani alisugua breki shuu kwenye jiwe. Mimi nikainama kufunga kiatu. Akauliza springi ziko wapi. Winifrida akatoa kopo. Akaweka pea mbili mpya, akarudisha springi, akarudisha na lile sikio, akafunga. Alipomaliza, hata chupa moja ya chai ilikuwa haijaisha. Akasema breki shuu mpya huwa zinalegea kidogo zikishazoea, kwa hiyo baada ya wiki moja nirudi azikaze. Nisisahau.

Baba mkwe alikuwepo, amekaa kwenye tairi kuukuu. Aliniambia kwamba kupitwa hakukumuuma sana, kilichomuuma ni kuona mkwe wake anaona aibu kumwambia guta limeharibika. Alisema yeye mwenyewe aliwahi kuwa na baiskeli isiyo na breki, na mkewe alimpata kwa kumgonga.

Niliona aibu ya kweli. Naiandika hapa ili nisiisahau. Kuanzia leo ukweli mtupu, na kazi ya fundi ni ya fundi.

Jioni nimeshuka mteremko wote. Nikakanyaga, guta likasimama mbele ya mzee, limenyooka kabisa. Tulisalimiana mpaka mbuzi wa mwisho.


Jumatano, 19 Juni 2024

Kazi inakwenda vizuri. Bi Mwanaamina ameridhika. Winifrida aliuliza kama nimekwenda kwa Nduwayezu kukaza breki. Nikasema ndiyo. Na nilikwenda! Nilimsalimia. Alikuwa na watu, nikaona nisimsumbue kwa jambo dogo kama kukaza nati. Nimekaza mwenyewe uani. Nadhani nilikuwa nakaza. Kuna uwezekano mkono wa kwenye video ulikuwa unazungusha upande mwingine.

Tangu jana mguu umeanza tena kwenda chini kwenye uji. Sijamwambia mtu. Hakuna haja, maana safari hii nimepata dawa, na inashangaza kwamba hakuna aliyeifikiria kabla yangu.

Simu! Kabla sijaanza mteremko nampigia baba mkwe. Tunasalimiana yote nikiwa bado juu kabisa: waliolala, walioamka, mbuzi, Ininahazwe na muhogo wake. Makofi nampigia karibu na simu ayasikie. Nikimaliza ndipo nashuka. Nikipita pale ni kupungiana mkono tu, heshima imetimia, hakuna aliyedharauliwa. Jana mzee amesema hajawahi kupata mkwe mwenye adabu kiasi hiki. Nafikiri hata Pasikali nitamfundisha, akiniomba vizuri.

Leo asubuhi simu yake ilikuwa haipatikani.

Mwalimu Moses ameanza kujenga jiko. Ameleta mchanga mwingine, tripu mbili, mzuri sana, laini. Nimemwambia hivyo mwenyewe, nikiwa juu ya mchanga huo na guta langu.